Kufuli la Chooni

Bariadi, Jumanne jioni

Kumbe choo hakina kosa. Leo muuguzi amenieleza kwamba vinyama hivi vilivyoniota sehemu za siri tunaambukizana ngozi kwa ngozi, tunapokutana kimwili. Kirusi chake kinaweza kukaa mwilini miaka bila dalili, kwa hiyo hakuna wa kusema nani kati yetu alianza.

Na sisi tulimsingizia Mama Neema, mpangaji mwenzetu, kwamba ndiye aliyeniambukiza chooni! Mume wangu alitia kufuli choo, mama wa watu akawa anaomba choo kwa majirani.

Nimemweleza mume wangu yote. "Mama Kulwa, una uhakika?" akaniuliza.

"Ndiyo. Nawe wanataka wakuchunguze huko kliniki."

Huenda ni mimi, huenda ni yeye aliyeanza...

Akachukua ufunguo, akatoka. Nikasikia kufuli likifunguka, kisha sauti yake mlangoni kwa Mama Neema: "Hodi."