Damu Waliyochanjana Babu Zetu

Kindu, tarehe 12 Februari 1975

Kwa yaya Pélagie, dada yangu mkubwa mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, anayekukumbuka kila asubuhi anapojifunga kitenge, kwa kuwa kile cha bluu ulichonipa siku ya arusi nakivaa mpaka majirani wananicheka. Sisi hapa ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Na wewe je? Kile kikohozi kimeisha? Shemeji bado anashuka mgodini, au wamempa kazi ya juu kama walivyomwahidi? Watoto wanakula? Niambie yote, usinifiche kama ulivyonificha homa yako ya mwaka jana.

Usishangae kuona juu ya bahasha nimeandika jina lako la kitambulisho tu. Siku hizi, tangu serikali ikataze majina ya kizungu, jina la ubatizo likionekana kwenye karatasi, mtu anaweza kuitwa ajieleze. Lakini humu ndani wewe ni Pélagie, na mimi ni Odile, na ulimi wangu ni mzee mno kujifunza mengine. Barua inaletwa na Mama Kyakimwa, yule wa Butembo anayeuza vitenge sokoni hapa. Anapanda lori la Kalima kesho. Mpe chai, ni mtu asiyebeba maneno ya watu.

Yaya, nimeolewa! Ni miezi minne sasa na bado naamka nikishangaa. Ferdinand akinyoa ndevu anaimba sauti ya chini ya kwaya, peke yake, bila zile sauti nyingine tatu, na mimi jikoni najikuta nazijaza kichwani. Akirudi kutoka stesheni, anakopima mizigo, vumbi la mihogo limemjaa mpaka kwenye kope, na mimi naona ni mwanamume mzuri kuliko wote waliowahi kushuka kwenye treni. Juzijuzi alinikunjia barua ndogo ndani ya kitambaa cha chakula. Aliandika kwamba sombe yangu, yale majani ya mihogo, ilimfanya akosee kupima gunia. Nimeificha ndani ya kitabu changu cha shule, ukurasa wa mito ya Zaïre.

Basi utaniuliza, mbona mwandiko wangu umekanyaga karatasi hivi? Ni kwa sababu nimechoka, yaya. Nimechoka na watu. Mimi na bwana yangu hatuna ugomvi, lakini kila mwenye mdomo katika ukoo wao amepata neno la kusema juu ya ndoa yetu.

Ilianza na Shangazi Germaine, dada mkubwa wa baba mkwe. Hakuwapo kwenye mahari wala kwenye arusi, alikuwa mgonjwa kijijini huko Pangi. Mwezi wa kumi na mbili alikuja kumwona bibi arusi, na hajarudi mpaka leo. Nilimkaribisha kwa furaha zote, tukakaa kumenya mihogo. Akaniuliza mimi ni wa nani. Mimi na ujinga wangu, nikataka kumwonyesha kwamba nimelelewa vizuri, nikamhesabia baba, na baba wa baba, yaani babu Kalume, aliyekuwa akibeba chumvi na mafuta ya mawese kwa miguu mpaka ng'ambo ya mto. Kisu kilimtoka mkononi. Akasema, “Kalume yule wa chumvi? Basi nyinyi muko ndugu! Mtoto, umelala na kaka yako!”

Ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba babu yetu Kalume na babu yake Ferdinand, Mzee Onema, walichanjana damu katika safari zile. Kila mmoja alikatwa kifuani, kila mmoja akala ini la kuku lililopakwa damu ya mwenzake, wakaapa kwamba watoto wao na wajukuu wao watakuwa wa tumbo moja. Atakayeoa huko, mtoto wake wa kwanza atailipa ile damu. Je, wewe ulijua? Baba hakuwahi kutuambia hata neno moja. Na mimi nalipa kiapo cha watu wawili waliolala makaburini kabla sijazaliwa!

Tangu siku hiyo mama mkwe hali tena chakula changu. Anakuja, anakaa, anasifu harufu, kisha anasema ameshiba. Ugali wangu unarudi jikoni mzima kama ulivyotoka. Shemeji zangu wakinipita kisimani wananiita “dada”, halafu wanacheka. Na Shangazi alisema dawa ni moja tu: kuku apasuliwe katikati, nusu iwekwe huku, nusu kule, sisi wawili tupite katikati tukiapa kuufungua undugu ule. Tukikataa, turudishane makwetu, na mahari irudi.

Tulikwenda kwa Mchungaji Michel. Alisema mtu aliyebatizwa hana njia ya kupita katikati ya kuku, na atakayepita atatengwa na Meza ya Bwana. Alisema tushike ahadi za Mungu, ni za kale kuliko Kalume na Onema. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, lakini moyoni nilikasirika. Ni rahisi kwake, mke wake ameshazaa sita. Ferdinand naye akanishika mkono mbele ya mchungaji, akasema kwa sauti ile yake kwamba nyumba yetu haitapita popote. Nilimpenda siku hiyo mpaka nikaona aibu.

Sasa, yaya, kaa chini, kwa maana linalofuata sijamwandikia mtu mwingine.

Mwezi wa kwanza sikuona siku zangu. Nilingoja, nikahesabu tena. Mwezi huu pia hazikuja. Ndiyo, ni kweli, ni kile unachofikiri! Nilipaswa kukimbia stesheni nikapige kelele katikati ya magunia. Badala yake nilikaa juu ya kitanda nikasikia ile sauti: mtoto wa kwanza atailipa. Jumatano iliyopita Ferdinand akiwa kazini nilimchukua jogoo wangu mwekundu, nikampeleka kwa Shangazi Germaine. Nikamwomba nipite peke yangu kwa niaba ya wawili. Akafikiri, akakubali, akaniambia nisimwambie bwana yangu, nikimwambia tu dawa imekufa. Nilipita, yaya. Mimi, Odile, mwenye cheti cha sekondari, mwalimu wa watoto wa Jumapili, nilikanyaga katikati ya nusu mbili za jogoo nikiwa nimefumba macho. Nikarudi nyumbani nikaosha miguu mara tatu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Ferdinand alikuwa akitayarisha somo la vijana, akanisomea kwa sauti, kama anavyopenda, mahali pale Mungu anapofanya agano na Abrahamu. Nimesikia habari hiyo tangu utoto wangu, na sikuwahi kuisikia. Abrahamu anapasua ndama na mbuzi na kondoo, anapanga nusu huku na nusu kule. Niliacha kukoroga sufuria. Nilidhani anajua, ananichokoza. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, Abrahamu alipita saa ngapi. Akatafuta kwa kidole, akarudi juu, akashuka tena. Akasema hakupita. Alikuwa amelala usingizi mzito. Kilichopita ni moto na moshi, yaani Mungu mwenyewe, peke yake.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Mungu aliapa upande wake na upande wa Abrahamu, kwa sababu alimjua Abrahamu. Kama ahadi ile ingesimama juu ya miguu ya mzee yule, ingeanguka siku ileile alipomchukua Hajiri, mjakazi wa mke wake, badala ya kungoja. Mimi niliona tumekuwa tukiambiwa tushike, tushike, na mikono yangu ilikuwa imechoka kushika. Kumbe aliyeshika si mimi.

Nililia, nikasema yote: jogoo, mimba, Shangazi, miguu mara tatu. Ferdinand alifunga Biblia, akatoka nje. Nilimwona dirishani amesimama karibu na banda la kuku, amenipa mgongo. Nikajua ndoa yangu imekwisha. Aliporudi hakuniangalia. Alisema, “Odile, mimi pia.” Alikuwa amekwenda kwa Shangazi Ijumaa, na kuku aliyemnunua sokoni. Alikuwa ameona siku nyingi kwamba sinusi tena mafuta ya mawese bila kukimbia nje, akahesabu kama nilivyohesabu mimi, akaogopa kama mimi. Na Shangazi alimwambia maneno yaleyale, asimwambie mke wake.

Tulicheka, yaya, mpaka jirani akaja kuuliza. Kuku wawili, na Shangazi ameshawala wote! Kisha tukaona aibu, maana kila mmoja alikuwa amemsikia mwenzake akikubali mbele ya mchungaji. Jumatatu tulikwenda wenyewe kumwambia. Ametutenga miezi mitatu. Nilikasirika kidogo, siwezi kukudanganya, nilidhani atafurahia kwamba tumekuja bila kuitwa. Ferdinand amesimamishwa kwaya pia, na tangu hapo asubuhi ananyoa kimya.

Jana Shangazi alikuja pamoja na mama mkwe. Amesikia tumeambiana. Akasema dawa zote mbili zimekufa, sasa analeta kuku wa tatu na tutapita pamoja mbele yake. Ferdinand alifungua mdomo, lakini nilitangulia. Nilimwambia kwa heshima kwamba hatutapita tena, wala kwa kuku wala kwa mbuzi, na kwamba kwa ajili ya mtoto huyu Mungu ameshapita peke yake zamani sana, sisi tukiwa hatujazaliwa. Shangazi akachukua kikapu chake, akasema siku ya uchungu nisimwite. Yeye ndiye anayezalisha wanawake wote wa ukoo wao. Mama mkwe aliondoka nyuma yake bila kuniaga.

Sitakudanganya kwamba siogopi. Naogopa asubuhi, naogopa nikiteka maji. Lakini nimeona kwamba woga wangu haubadilishi kitu katika lile alilosema Mungu, na hapo ndipo ninapokaa, hata kama nimekaa nikitetemeka.

Nakuomba jambo moja. Mwezi wa tisa hakutakuwa na mwanamke wa upande huu mlangoni kwangu. Mwombe shemeji ruhusa, panda lori mwezi wa nane mwishoni, kabla mvua haijaharibu njia. Usiniletee dawa ya mtu yeyote, hata akikuambia ni ya bure. Njoo na mikono yako tu.

Wasalimie watoto mmoja mmoja kwa jina, na mwambie shemeji kwamba mwenzake Ferdinand anamsalimu kwa sauti ya chini. Mungu awalinde wote nyumbani mwako.

Ni mimi mdogo wako, mwenye furaha na mwenye hasira,

Odile, mke wa Ferdinand