Maji ya Jumamosi

Mbaga, Same
12 Juni 2024

Mwanangu Sifael,

Pokea salamu za baba yako. Mimi mzima, mlima bado naupanda bila fimbo. Wewe, mkeo Yudith na watoto hamjambo huko Morogoro? Mwandiko usiucheke. Niliishia darasa la tatu, lakini wazee wa rika langu hapa, anayejiandikia barua mwenyewe ni mimi tu.

Kaburi la mama yako tumeshalijengea, mchungaji kaja kuliombea. Tangawizi imeshika vizuri, kijiji kizima hakuna aliyenifikia.

Dada yako Agnes kaniambia umeandika malalamiko juu ya yule daktari, eti mama kafa kwa kuwa tulimfikisha Jumamosi na wakubwa wa hospitali walikuwa mapumziko. Anasema wiki ijayo unayapeleka. Nakuomba usiyapeleke. Kwa simu haya ningeyageuza, unanijua, ndiyo maana naandika.

Jumamosi ile ilikuwa zamu yetu ya kumwagilia kwa maji ya bwawa la ndiva. Ukiondoka mwenzio anageuzia mfereji kwake, nawe ungoje wiki nzima. Miaka arobaini sijapoteza zamu hata moja, nami nalitangaza hilo kila mahali. Saa mbili asubuhi mama yako alinifuata shambani, jasho linamtiririka na baridi yote ile, kashika kifua, mkono wa kushoto una ganzi. Akasema, "Baba Sifael, maji yaache. Nipeleke."

Nikamwambia ni gesi hiyo, akachemshe tangawizi, anywe, alale. Akageuka, akarudi nyumbani. Maji niliyamaliza saa nane. Gari ya jirani yetu Asheri ikatufikisha hospitali saa kumi.

Daktari akauliza maumivu yameanza saa ngapi. Nikasema saa nane. Akauliza tena, maana kipimo cha moyo kilimwonyesha ni ya muda mrefu. Nikamfokea kwamba mke wangu namjua mimi. Akarudi kwa mama yako, na hakutoka pale kitandani mpaka mwisho. Baadaye alinieleza kwamba dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda husaidia zaidi saa za mwanzo. Saa hizo, mwanangu, nilizimwaga mimi shambani.

Ijumaa nashuka Same kumwambia daktari ukweli. Malalamiko kama lazima uyapeleke, yaandike juu yangu mimi, si juu ya daktari.

Yudith msalimie, na wajukuu wote. Ukikasirika sitakulaumu, ila Krismasi njoo hata kama hutasema nami.

Ni mimi baba yako,
Ebenezer