Samoni wa Kiti cha Nyuma

Mpendwa mtani,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya Wanyamwezi wote wa Rooty Hill huku ughaibuni (tuko wawili, na mmoja ni mke wangu), nakutangazia rasmi kwamba nimevua samaki. Mmoja. Samoni, urefu wa mkono, na hakuna aliyenisaidia kushika fimbo ya kuvulia. Kaa vizuri huko uliko, maana najua umeshaanza kucheka.

Mimi mtoto wa Tabora, ambaye utotoni maji mengi kuliko yote niliyaona kwenye pipa, wewe ndiye uliyenitoa kitandani Jumamosi ukanipeleka Ghuba ya Botany. Ukanikalisha kiti cha mbele cha kayaki yako, ule mtumbwi wa plastiki wa rangi ya chungwa, ukanikabidhi kafi. "Mnyamwezi kazi yake kubeba," ukasema. "Leo nibebe mimi." Fimbo mbili ukazichomeka nyuma, mishipi ikawa inaburutwa na vile visamaki vya bandia vikimetameta majini, nasi tukaenda polepole. Kurambaza, hata neno lenyewe ulinifundisha wewe.

Sheria yako ilikuwa moja tu, nisigeuke. Nikigeuka tunapinduka, na Mnyamwezi akizama wewe utabaki na nani wa kumtania. Kwa hiyo miaka yote tuliyovua pamoja sikuwahi kuuona uso wako majini. Nilikuwa na sauti yako kisogoni, ikinitukana kwa ustadi wa Mzaramo, na uzito wako huko nyuma, uliokuwa ukiinyanyua pua ya kayaki kama ng'ombe anayenusa mvua.

Halafu ukaja ule ugonjwa. Sisi tukafungiwa ndani, wewe ukaendelea kwenda hospitali ya Westmead kuhudumia wagonjwa, mpaka ukaugua na wewe. Mara ya mwisho kukuona ilikuwa kwenye simu. Ulikohoa, ukanionya nisiiguse kayaki yako.

Mazikoni waliruhusiwa watu wachache, nami sikuwamo. Nilitazama kwenye simu, nimevaa koti juu na kaptura chini. Unajua mtani anachotakiwa kufanya msibani: azuie jeneza, aingie kaburini agome kutoka, aseme uchoyo wa marehemu na kukoroma kwake mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Kati ya waliokuwepo hapakuwa na mtani wako hata mmoja. Wakakuzika kwa adabu. Mzaramo, kuzikwa kwa adabu! Niliona aibu kwa niaba yako.

Walipotufungulia, Mama Zuhura akaniita. Tangu afiwe nawe alikuwa halali sawasawa. Aliniambia nyumba imekaa vibaya, kama ina mgeni aliyesimama mlangoni anasubiri kuagwa. Hakunikaribisha hata chai, ndipo nikajua mkeo hana mzaha.

"Shemeji," akasema, "mwenzio hajataniwa. Chukua hilo likayaki lake, nenda kamalize kazi yako."

Nikaenda alfajiri. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Unakumbuka ndege zilivyokuwa zikishuka juu ya vichwa vyetu, zikikukatisha tusi katikati? Asubuhi ile haikupita hata moja. Zilikuwa zimeegeshwa uwanjani ng'ambo ya ghuba, mikia imetokeza juu ya ukungu, zimenyamaza kama zimepewa habari mbaya. Nikachomeka fimbo zote mbili, kwa mazoea. Moja ni yako.

Mwanzoni kayaki ilikuwa nyepesi, inayumba. Kisha pua ikaanza kunyanyuka. Taratibu. Nikapiga kafi, nikaona mtumbwi mzito, na uzito huo ninaujua. Nyuma yangu kitu kikajigeuza, kikatulia, kikajigeuza tena, kukasikika sauti kama ya mtu anayemeza mate kabla ya kusema. Kundi la samoni likapita chini yangu, jeusi, refu, likipita tu haliishi. Nywele za kisogo zikasimama, zile zilizobaki. Sikugeuka.

"Mzaramo," nikasema, "umekuja?"

Kitu kikajigeuza.

Basi nikaanza. Nikakuambia kaburi ulilolalia ni langu, utoke. Nikakusema ulivyosinzia harusini kwako mwenyewe. Nikasema umekufa makusudi ili usioshe vyombo. Nilicheka peke yangu ndani ya ukungu, na kila neno liliitikiwa huko nyuma, gluu, gluu, mpaka fimbo ikalia, samaki kanasa. Yako, siyo yangu, mlio wake naujua.

Kugeuka nikaichukue sikuthubutu. Nikapiga kafi kuelekea nilikodhani ndiko nchi kavu, samaki anavuta, wewe unazidi uzito, baridi inanipanda mapajani. Nikaelewa unataka twende wote. Na mtani, kwa kitambo kidogo sikuona ubaya wake.

"Siendi," nikasema. "Nina watoto. Shuka."

Hukushuka. Ila mchanga ukagusa chini.

Mama Zuhura nimemwambia ulikuja, tukataniana, ukanipa samaki. Akampika kwa nazi, akala, akalala mpaka magharibi. Huo ndio ukweli anaouhitaji, nami sitamwongezea.

Wewe nikuambie ilivyokuwa. Samaki nilimtoa kwanza kwa fimbo yako, kisha nilipoivuta kayaki mchangani haikusogea. Kule nyuma ina kitundu cha kumwagia maji, chenye kizibo chake. Mimi sikujua hata kama kipo. Miaka yote ulikuwa ukikikaza wewe, nyuma ya mgongo wangu. Safari hii hakikukazwa na mtu. Maji yaliingia tangu mwanzo. Yaliyokuwa yakijigeuza ni maji, yaliyoniitikia ni maji, na yaliyotaka kunichukua ni maji. Nikaiinamisha, yakatoka, yakatoka, nimeishikilia tu. Yalipoisha nikainyanyua upande ule kwa mkono mmoja. Haikuwa na uzito wowote.

Hapo nikakaa chini nikalia kwa sauti. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa akitembeza mbwa akasimama mbali, kavaa barakoa yake, akauliza nimepatwa na nini. Nikamwambia nimefiwa. Akanipa pole, akauliza lini.

Nikamwambia, sasa hivi.

Buriani. Huko usimsalimie mtu kwa jina langu, wasije wakanikumbuka.

Ni mimi, mtani wako.