Kipande cha Ndizi Mlangoni mwa Jela

Baba Sekela,

Habari za Iringa sijui kama zinakufikia huko uliko. Juzi nilisikia watu wakibishana: bangi inapoingia jela, dawa ni kuwanyima mahabusu chakula cha nyumbani? Nikakukumbuka, nikaona nikuandikie.

Mwaka ule tulipohamishwa kutoka Mbeya kuja Iringa, wewe na utepe wako mmoja wa askari jela mkononi, mimi na Sekela mgongoni, bangi ilikuwa ikiingia jela ndani ya ugali. Bwana Jela, mkuu wenu, akaamuru kila chungu kichokolewe kwa fimbo. Fimbo ni hiyo hiyo moja, ikitoka kwenye mlenda wa huyu inaingia kwenye maziwa ya yule. Jela haikuwa na askari wa kike, kwa hiyo mimi nikaitwa kuwapekua wanawake. Mimi walinivumilia. Fimbo iliwashinda, wakawa wanamwaga chakula pale pale na kurudi makwao wakilia.

Ndipo ukamwendea Bwana Jela. Ukamweleza kwamba kwetu aletaye pombe huonja kwanza, mbele ya anayempa. Basi mgeni na mahabusu wale kwenye sahani moja, askari akiwatazama, na fimbo itupwe. Alicheka, akakubali. Ila akasema bangi ikipita hata mara moja, chakula cha nyumbani ndiyo basi. Ulirudi umevimba kwa fahari, nami nikakutania kwamba sasa umekuwa mwangalizi wa matonge.

Mambo yalikwenda vizuri, mpaka mdogo wako Ambilikile alipokuja kututembelea. Alikuwa na rafiki mahabusu, akaenda kumwona na ugali kwenye kikapu. Ukamwambia akae ale naye.

"Nimeshiba, kaka."

Kijana wa Kinyakyusa, katoka safari ya lori kutwa nzima, ameshiba! Ulicheka. Kisha ukaumega ugali mwenyewe. Bangi ilikuwa katikati, imeviringishwa kwenye jani la mgomba.

"Kaka, hujaona kitu," alikuambia.

Ungeweza kutoona. Lakini nyuma yake kulikuwa na foleni ya wanawake wenye vyungu, na ulijua wangenyimwa nini siku ambayo jambo lile lingejulikana. Ukamtia pingu mtoto wa mama yako.

Mama mkwe alipopata habari alipanda lori kutoka Tukuyu. Nyumbani kwetu hakupita. Alikuja moja kwa moja mlangoni mwa jela na ndizi alizopika, Ambilikile akatolewa, wakakalishwa. Wanawake wote wakakugeukia wewe waone utafanyaje.

"Mama, utaratibu ni kwamba mle wote wawili," ulisema, kwa sauti ndogo.

Alikula. Alitafuna polepole, akikutazama wewe na siyo yule aliyemletea. Kisha akakunyooshea kipande cha ndizi.

"Gwe askari, kula na wewe."

Hakukuita mwanangu.

"Niko kazini, mama."

Akakirudisha sahanini, akaendelea kula.

Jioni ile ulipiga viatu kiwi, ukamaliza, ukavipiga tena. Wakubwa wa ukoo walisema una moyo wa jiwe, nami niliwajibu vikali kuliko inavyompasa mke wa watu. Ambilikile alifungwa, akatoka, akaoa, maisha yake yakaendelea. Na chakula cha nyumbani kiliendelea kuingia jela mpaka tulipohamishwa tena, bila fimbo na bila bangi. Hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya.

Lakini mama yako alikufa hajakupikia tena, na wewe umekufa ukisema ulifanya sawa. Nimelipima jambo hili miaka mingi, kwa kuwa sasa nina nafasi ya kukaa na kupima. Kuhusu pingu, ulikuwa sawa. Kuhusu ndizi, nakukatalia. Najua askari hali cha mgeni, sheria hiyo niliishi nayo nyumba moja. Ila pale hapakuwa na mtu hata mmoja, Bwana Jela mwenyewe akiwemo, ambaye angekushtaki.

Pumzika, mume wangu. Ungekula tu.

Mkeo,
Mama Sekela