Tando Tatu kwa Vanila ya Baba

Jumatatu, 3 Novemba

Nimebadilisha alkoholi ya tando zangu za kuchujia, kama kila asubuhi. Zimebaki tatu. Duara ndogo nyeupe, kila moja kama hostia ya misa. Zikikauka zinakufa. Labo ya chuo inaezekwa upya, kwa hiyo zinakaa kwangu hapa mtaa wa Shari, kila moja ndani ya sahani yake yenye kifuniko, kando ya dirisha.

Ukiinua utando kwenye mwanga huoni tundu hata moja. Lakini matundu yapo. Alkoholi hupenya, molekuli kubwa hubaki juu. Bila moto. Hilo ndilo ninalolitaka.

Mwaka jana nilitumia moto. Nililoweka vanila katika alkoholi, harufu ikatoka vizuri, kisha nikaichemsha ili alkoholi iondoke. Kilichobaki kilinuka sufuria iliyoungua. Nusu ya vanila ya mwisho ya Baba ilipotea hivyo. Ni mimi niliyeipoteza, mwalimu wa kemia.

Yamebaki maganda ya vanila kumi na mawili. Baba hayupo tena, na shambani kwake Boga siku hizi hakuna wa kukanyaga, kwa sababu ya vita. Jumamosi ya wiki ijayo Mama anapanda ndege kwenda Kisangani, kukaa na yaya wangu, mtoto wake wa kwanza. Nataka aende na kichupa cha harufu ya Baba. Kichupa kimoja tu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekata maganda.

Kila ganda lina alama yake. Vanila ikiwa bado mbichi, Baba aliitoboa kwa pini, nukta nne, mwizi asije akasema ni yake. Nukta hukua pamoja na ganda. Tatu zimekaa pamoja, ni siye watoto. Ya nne imejitenga. Baba alikuwa akisema hiyo ni Mama, kwa sababu Mama akinuna hakai na watu.

Mama alinitazama nikikata. Aliokota kipande chenye alama, akakinusa, akakirudisha mezani. Sasa vyote vimelala ndani ya alkoholi, chupa imeanza kuwa na rangi ya chai. Mara nyingine napita tu karibu nayo bila kazi yoyote.

Alhamisi, 6 Novemba

Utando mmoja umekufa.

Nilikuwa kwa Kiza, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyenitengenezea chungu kidogo cha chuma chenye mfuniko wa skurubu. Utando unalala chini, juu yake ninamwaga alkoholi, kisha ninaisukuma kwa pompi ya baiskeli ipenye. Kiza alitaka kuniazima mtungi wake wa oksijeni, eti pompi itanivunja mgongo. Oksijeni na alkoholi hulipuka. Nilimwambia tungezikwa pamoja, naye akacheka. Mimi sikucheka.

Niliporudi, sahani moja ilikuwa tupu. Mama aliona kitu cha thamani kimeachwa ndani ya maji kinaoza. Akakitoa, akakianika juani mpaka saa sita, kisha akakifunga katika blanketi la sufi, lile la vanila. Miaka thelathini ndivyo alivyokuwa akiyatunza maganda ya Baba. Jua, blanketi, jua, blanketi, mpaka yanukie.

"Kitu ya bei haibakiaka mu maji," aliniambia. "Siye kule Boga tunaanikaka, kisha tunaifunika, inalala."

Utando ulikuwa umejikunja na kupasuka katikati. Nilimfokea. Nilimfokea Mama yangu kwa sababu ya kitu kidogo kuliko kiganja chake. Alikunja blanketi taratibu sana.

Nina aibu.

Jumamosi, 8 Novemba

Mvua mchana kutwa. Nililala baada ya kula, nikaota niko ndani ya utando. Vijia vyembamba vyeupe, vimepinda kama vijia vya shamba la Boga. Baba alikuwa mbele yangu, mwembamba kuliko nilivyomjua, anapita kila mahali. Mimi nilikwama. Nikamwita, akainua mkono bila kugeuka, kama alivyokuwa akifanya akienda kuchavusha maua asubuhi.

Niliamka nikidhani nyumba inanukia. Ilikuwa mvua tu na udongo.

Mama hajaninunia. Ingekuwa afadhali aninunie.

Jumatatu, 10 Novemba

Jaribio. Sikutumia vanila, nilitumia alkoholi niliyoitia majani ya chai. Afadhali nilifanya hivyo. Pete ya mpira ya kuzibia mfuniko, niliyoikata kutoka tairi la ndani la lori, ilivimba kwa alkoholi na kutoa weusi. Ikaubana utando, ukachanika ukingoni. Chai yote ikashuka kama ilivyo.

Umebaki mmoja.

Nimemwomba Kiza anisafishie chungu. Pete nimeitupa. Badala yake nitazungusha ule utepe mweupe wa mafundi bomba, alkoholi haiuwezi. Kiza akaniuliza kama kazi hii ni ya chuo au ya msiba.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo.

Nimemkataza Mama kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, nyumba nzima. Tukala viazi vya jana, vya baridi. Saa tatu nikafunga utando wa mwisho, nikamwaga vanila, nikaanza kusukuma pompi. Mama alikuja mwenyewe, akakaa juu ya pipa la maji, akaishika miguu ya pompi isiteleze. Tone la kwanza lilichelewa sana. Kisha la pili. Jua likahama kutoka mlangoni hadi ukutani.

Chini tone jeupe, na umanjano kidogo. Juu kimebaki kitu kizito, cheusi, chenye kung'aa. Nilitaka kulia kwa furaha. Utando umeshika.

Kisha nikanusa kilichopita.

Harufu imo. Imepita. Molekuli yenyewe ya vanila ni ndogo, nilijua ni ndogo, niliwafundisha wanafunzi kwamba ni ndogo. Nilitumaini. Rangi imebaki, na utamu mzito kama wa biskuti za dukani. Ila kile chepesi kimeteremka na alkoholi. Sina vanila nyingine. Nimeshindwa, na Mama anaondoka kesho kutwa.

Ijumaa, 14 Novemba

Nilimpa Mama kichupa cheusi hata hivyo. Alinusa, akashukuru kwa adabu, kama mtu aliyepewa kitenge asichokipenda.

Halafu akachukua chupa ya kile cheupe kilichopita chini, niliyokuwa nasubiri kuimwaga. Akaifungua. Akafumba macho.

"Hii ndiyo yeye," alisema. "Ile nyeusi ni ya duka. Baba yako hakunukiaka karibu. Alikuwa ananukia akiwa bado mu njia, mbele ya kuingia mu nyumba."

Nikamjazia kichupa kutoka humo. Kidogo kilimwagika mezani. Mama alikipangusa kwa kidole na kukipaka shingoni.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemsindikiza kiwanja cha ndege. Blanketi la sufi ameniachia, anasema Kisangani kuna joto. Nilimwomba msamaha kwa yale maneno. Alisema aliyasahau palepale. Si kweli, Mama hasahau. Lakini alinishika uso kwa mikono miwili.

Jumapili, 16 Novemba

Amepiga simu, amefika salama. Sauti nyepesi. Ndani ya ndege mwanamke wa kiti cha kando alimwuliza ile harufu nzuri ni ya nini.

"Nikamuambia ni bwana yangu," alisema. "Nikamuambia tunasafiri naye."

Nimebadilisha alkoholi ya utando. Kichupa cheusi kiko dirishani. Mvua imeanza tena kidogo, nimejifunika blanketi.