Maelezo Kuhusu Mlipuko wa Chumba cha Maji Machafu

Shahidi: anajulikana kazini kama Upawa
Umri: miaka 43
Kazi: kibarua, kiwanda cha kutia vitambaa rangi
Makazi: chumba cha kupanga, nyuma ya kiwanda
Uhusiano na marehemu: shemeji, alimwoa dada yangu

Kazi yangu ni kuengua povu kwenye tangi la maji yaliyotoka kwenye rangi. Ndani ya tangi mna mabamba ya chuma yanayopitishwa umeme. Umeme ukipita, uchafu hupanda juu kama povu, maji hubaki maangavu, na hutoka gesi ya haidrojeni. Bomba huipeleka kuwasha jiko la kuchemshia maji. Lakini nikifungua mfuniko niengue, nyingine hubaki chumbani. Fundi mkuu alituonya kwamba inashika moto upesi, madirisha yasifungwe. Shida ni kwamba hainuki. Sisi tuliozoea uvundo wa maji machafu kabla tangi halijaja tulikuwa tunapima hewa kwa pua. Pua ikinyamaza, tunaona ni salama.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, fundi mkuu akiwa likizo, msimamizi alikuja akasema vumbi linachafua vitambaa vyeupe. "Fungeni madirisha. Kwani kuna harufu hapa?" Nilimjibu hakuna. Tukafunga.

Kufika saa tano joto lilizidi. Shemeji alikuwa anasugua mabamba ya akiba. Akaniambia, "Upawa, unatoka jasho kama bwana harusi aliyesahau pete. Nikupepee?"

Nikamwambia, "Pepea. Ndiyo kazi ya mtu aliyepewa dada wa watu."

Alicheka, akaenda ukutani kuwasha feni. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya povu, nimegeuka kumtazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye swichi, wa kushoto umeshika brashi. Mwanga ulitokea pale pale kwenye swichi. Halafu kishindo, na mlango ukanitupa uani.

Niliporudi, paa halikuwepo. Nilimtambua kwa mkanda wa suruali, maana ulikuwa wangu.

Kiwanda kinasema alikuwa anavuta sigara. Shemeji hakuvuta. Kifua chake hakikustahimili hata moshi wa kuni. Dada yangu alihamishia jiko nje kwa ajili yake. Lakini msimamizi aliwahi kumpigia simu kabla yangu. Nilipompata, dada hakulia. Aliniuliza, "Kaka, alianza lini?" Simu ikakatika kabla sijamjibu.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: Upawa

Maelezo ya askari: Nimeyaandika kama yalivyosemwa, bila kumshurutisha. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, shahidi alisema dada yake ana namba ya kituo hiki. Akipiga, yeyote atakayepokea amwambie kwamba mumewe alikuwa ameshika brashi.