Mwarobaini Ulioanguka Mbele ya Kibanda cha Kinyozi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Mwalimu Mbegu, kama anavyojulikana na mji mzima
Umri: miaka 61
Kazi: mwalimu mstaafu wa sayansi ya kilimo
Makazi: nyumba ya pili nyuma ya posta ya zamani
Uhusiano na marehemu: dada yake mkubwa

Marehemu ni mdogo wangu, tumbo moja, tena tumeachiana ziwa. Alikuwa mtunza miti wa halmashauri ya mji, na watu walimwita Bwana Kivuli. Nimekuja hapa kwa miguu yangu bila kuitwa. Nimekuja kwa sababu kinyozi wa barabara ya soko yumo mahabusu, akidaiwa kuuhujumu mti ulioniulia ndugu, nami najua hakuuhujumu. Afisa ameniomba niseme kwa ufupi. Nitajaribu, ingawa aliyezoea kufundisha ana ugonjwa wa kuanza mwanzo.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumatano, kiasi cha saa mbili asubuhi, nilikuwa natoka sokoni. Usiku wake ilikuwa imenyesha mvua ya upepo. Baada ya mvua ya namna hiyo mdogo wangu alikuwa na desturi ya kuikagua miti yake mmoja mmoja, kama muuguzi anavyopita vitandani. Nilimkuta mbele ya kibanda cha kinyozi, amepiga magoti chini ya mwarobaini, anazoa matope yaliyoziba mtaro. Kinyozi alikuwa akimnyoa mteja mlangoni, na yeye na mdogo wangu walikuwa wameshaanza mzozo wao wa kila siku.

“Bwana Kivuli, kunguru wako wamenichafulia tena,” kinyozi alisema. “Mtu anakuja kunyolewa, anaondoka amepakwa chokaa.”

Mdogo wangu alimjibu bila kuinua kichwa, “Hiyo ni dawa ya upara. Mwambie asiifute.”

Mteja alicheka, kinyozi naye akacheka. Kisha akasema, “Cheka tu. Ipo siku mti huu utalala chini, na mimi nitapiga makofi.”

Maneno hayo ndiyo yaliyomfikisha mahabusu. Sikatai kwamba aliyasema. Aliyasema, nami niliyasikia, kama nilivyoyasikia kila nilipopita pale kwa miaka. Watu wawili wanaofanya kazi uso kwa uso kutwa nzima lazima wapate kitu cha kuzozania, la sivyo siku haiendi. Hao walikuwa na mti.

Nilisimama nimsalimie ndugu yangu. Aliniambia, “Dada, nisubiri, namalizia hapa tunywe chai.” Nikavuka barabara, nikaweka kikapu changu kwenye ukuta wa duka la vitambaa. Upepo ulikuja, si mkubwa, wa kuangusha nguo kwenye kamba tu. Nikasikia mlio kama wa ubao unaovunjwa gotini. Mti ulikatika usawa wa kiuno cha mtu mzima, ukamwangukia mgongoni.

Kinyozi ndiye aliyemfikia kwanza. Mashine ya kunyolea ilikuwa bado mkononi mwake, inalia. Yeye na mteja aliyenyolewa nusu kichwa waliunyanyua mti pamoja na wachukuzi wa sokoni. Kinyozi alikuwa akiita, “Kaka. Kaka, niitikie.” Siku zote alimwita Bwana Kivuli, neno kaka nilimsikia akilitamka siku hiyo tu. Ndugu yangu alikata roho kabla hatujafika hospitali. Nilikuwa nimempakata kichwa.

Wifi yangu, mke wa marehemu, alifika pale barabarani baada ya sisi kuondoka. Aliposimuliwa maneno ya asubuhi ile alimgeukia kinyozi, akamwambia, “Umepata ulichokuwa unakitaka. Haya, piga makofi!” Hapo mtu mmoja akakumbuka kwamba kinyozi humwaga maji kwenye shina kila jioni, mwingine akasema ni maji ya sumu, na kufikia adhuhuri mji wote ulikuwa umeshaiona sumu kwa macho. Maji yale ni ya kuoshea vitambaa, yana povu la sabuni. Mwarobaini haufi kwa sabuni. Isitoshe, mizizi haikung’oka, imebaki ardhini mizima. Mti ule haukuanguka kwa kung’oka. Ulikatika, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Sasa naomba afisa anivumilie nieleze jinsi mti unavyoishi. Chakula chake hakipiti katikati ya shina kama maji ndani ya bomba. Hupita chini tu ya gome, katika ngozi nyembamba. Na mti haunenepi kwa ndani. Hunenepa kwa nje, kila mwaka tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo ukiuvika mche kitu kisicholegea, wenyewe utaendelea kukua huku umekabwa. Gome litakizunguka kitu hicho, litakimeza, na kwa macho hutakiona tena. Juu ya pale patavimba, na ndani yake pataoza pole pole.

Mdogo wangu aliyajua haya kuliko mtu yeyote mjini, na sikumfundisha mimi. Miti yote ya barabara ya soko aliipanda kwa mtindo mmoja: mche, nguzo kando yake, na waya wa kuufunga, kwa sababu kamba ililiwa na mbuzi. Ndani ya waya aliweka kipande cha mpira ili gome lisichubuke. Kila mwaka mvua zikikatika alizunguka na koleo kuzilegeza nyaya, na mti ulioweza kusimama wenyewe aliuvua kabisa. Wenye maduka aliwaambia, “Waya ni kama kiatu cha mtoto. Usipombadilishia, mguu ndio utakaoumia.”

Mwarobaini wa mbele ya kinyozi aliupanda na binti yake. Mtoto alikuwa na miaka kumi, wa shoto, mdadisi, na ndugu yangu hakuwa na mtoto mwingine. Nilikuwepo siku ile. Baba yake alimpa koleo akausokota waya mwenyewe, ulimi nje, kisha akaniuliza, “Shangazi, nimeukaza sana?” Nilipitisha kidole. Kilipita bila shida. Nilimwambia amefunga vizuri, na ni kweli alifunga vizuri. Mvua zilizofuata alipata homa kali, akafariki.

Niliamini kwamba waya ule ulivuliwa pamoja na mingine. Kinyozi aliwahi kunisimulia kwamba kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, ndugu yangu husimama pale, huweka kiganja kwenye shina, mahali pamoja, halafu huenda zake. Yeye alidhani anaupima unene.

Tarehe 12 mwezi huu, siku mbili baada ya mazishi, kiasi cha saa nne asubuhi, wakata miti wa halmashauri walikuja kukiondoa kisiki. Niliwaomba wanikatie kipande pale palipovunjika. Ndani yake umo waya, umezama kina cha kidole. Miti mingine yote ndugu yangu aliifunga kwa mkono wa kulia. Huu umesokotwa kwenda kushoto. Haukulegezwa hata mara moja. Koleo lake lilizunguka barabara nzima mwaka hadi mwaka, likifika hapo likapita. Hakutaka kulifungua fundo la mwanawe.

Nilikipeleka kipande kile nyumbani, nikamwonyesha wifi yangu jikoni. Alikitazama, akakifunika kwa kitambaa.

“Nani mwingine ameona?” aliniuliza.

“Wakata miti tu, na hawajui walichokiona.”

“Basi, wifi, tuishie hapo.”

Nikamuuliza, “Na kinyozi?”

“Kinyozi ana ndugu zake, watamsemea. Wangu atasemewa na nani? Juzi wamemzika kwa sifa, leo uwaambie mti wake mwenyewe umemshinda? Tena useme mwanangu ndiye aliyemuua baba yake?”

“Nitasema ni waya.”

“Waya una mikono?”

Nilikichukua kipande, nikakitia kikapuni. Swali lake nilikaa nalo kutwa ile na usiku wake. Asubuhi hii nilipokuwa navaa viatu alinitazama, hakuniaga.

Ninalolijua ni hili: mtoto hakukosea. Na ndugu yangu hakuwa mzembe. Aliyepanda nusu ya kivuli cha mji huu hawezi kuitwa hivyo. Kilichomshinda ni kitu kimoja, na asiyewahi kuzika mtoto asimcheke. Lakini siwezi kumlindia jina lake kwa kumfungisha mtu aliyemwita kaka. Angekuwa hai, angekuja hapa kabla yangu.

Kipande cha shina nimekileta, kimo katika kikapu hiki. Sina la kuongeza wala la kupunguza, na niko tayari kuyarudia haya popote nitakapoitwa.

(Sahihi ya shahidi)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika haya kama shahidi alivyotamka, nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi. Kielelezo kimepokelewa. Wakati wa kusoma, mjane wa marehemu aliingia akaomba kusikiliza. Shahidi hakupinga, nami nikaruhusu. Tulipofika kwenye habari za mtoto, mjane aliomba nirudie mahali mtoto alipouliza kama ameukaza sana. Nilirudia. Alipoulizwa kama ana pingamizi, alisema hana. Kisha aliuliza kama kinyozi amekula. Nilimjibu kwamba tangu aletwe hagusi chakula. Alitoka, akarudi na chungu kilichofunikwa, akaomba ampelekee kinyozi kwa mkono wake mwenyewe. Nimemfungulia mlango.